Lipumba: mchumi wa Mlimani, kiti cha Buguruni

Anayesoma maandiko ya uchumi wa Tanzania ya miaka ya 80 na 90 hukutana na jina Nguyuru H. I. Lipumba. Anayefuatilia uchaguzi hukutana na Ibrahim Haruna Lipumba. Ni mtu yuleyule. Jina la kwanza lilijengeka kwenye majarida ya kitaaluma, baada ya shahada ya udaktari aliyoipata Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1983. La pili limekaa kwenye karatasi ya kura ya urais mara tano: 1995, 2000, 2005, 2010 na 2020.

Vijana wa leo wanamjua kwa jambo moja tu. Ni yule profesa aliyejiuzulu uenyekiti wa chama cha upinzani cha CUF mwaka 2015, kisha mwaka uliofuata akarudi kukidai kiti chake. Kijiweni habari hiyo husimuliwa kwa namna mbili. Wapo wanaosema aliwageuka wenzake. Wapo wanaosema alisimamia dhamira yake, wenzake wakamchukia kwa hilo. Mimi naona simulizi zote mbili ni za mkato. Zinaanzia kwenye tabia ya mtu na kuishia hapohapo, wakati fundo lenyewe limefungwa na mambo matatu yaliyokuwapo kabla ya barua yake ya kujiuzulu: sheria ya vyama, umbo la Muungano, na hesabu za majimbo. Tulifungue polepole.

Tumbaku, dola na shilingi 17

Lipumba alizaliwa Juni 6, 1952, Ilolangulu, mkoani Tabora. Sekondari alisoma Tabora Boys, halafu Pugu. Wapenda historia watatabasamu hapo, maana Nyerere naye alisoma Tabora, na Pugu ndiko alikofundisha mpaka mwaka 1955, alipotakiwa kuchagua kati ya chaki na TANU. Mwalimu kuingia siasa si jambo geni kwetu. Nchi yenyewe ilianza hivyo.

Akaenda Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kusoma uchumi katika miaka ya 70, kisha Stanford. Tanzania aliyoirudia kutoka Marekani ilikuwa ya foleni. Sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, na unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, ambao waliokula hawahitaji kuelezwa. Mwaka huohuo wa 1983 ndiyo ilipita operesheni ya wahujumu uchumi, watu wakawa wanamwaga bidhaa usiku kwa kuogopa kukutwa nazo.

Mjadala uliokuwa ukichemka Mlimani na Ikulu ulihusu thamani ya shilingi, na ili kumwelewa Lipumba inabidi tuuelewe. Chukua mkulima wa tumbaku wa kwao Tabora. Tumbaku inauzwa nje kwa dola. Dola ikifika nchini hubadilishwa kwa bei ya serikali, ambayo mwanzoni mwa mwaka 1986 ilikuwa shilingi 17 hivi. Mtaani dola hiyohiyo ilikuwa na bei ya juu mara kadhaa. Kwa hiyo kila dola iliyotokana na jasho la mkulima ilipunguzwa kabla haijamfikia, bila mtu yeyote kuita punguzo hilo kodi. Wakati huohuo, mwenye kibali cha kuagiza bidhaa alipata dola ya bei poa. Mkulima akaona bora alime mahindi ale mwenyewe, au apitishe mazao kwa njia za panya. Nchi ikakosa dola, na viwanda vikakosa vipuri.

Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, lilitaka shilingi ishushwe thamani. Nyerere alikataa. Mwaka 1979 waziri wake wa fedha, Edwin Mtei, ambaye alikuwa gavana wa kwanza wa Benki Kuu, alijiuzulu kwa sababu ya mvutano huo. (Mtei huyo ndiye aliyekuja kuasisi Chadema mwaka 1992. Upinzani wa Tanzania, kwa kiasi kikubwa kuliko tunavyokiri, umelelewa na watu waliogombana na chama tawala juu ya pesa za kigeni.) Mlimani nako kukawa na kambi. Wengine waliiona IMF ni ukoloni uliovaa suti. Wachumi kama Benno Ndulu na Lipumba wakawa upande wa waliosema mageuzi hayakwepeki, na kazi iliyobaki ni kuyapanga yasiwaumize wanyonge. Mwaka 1986, Mwinyi akiwa Ikulu, makubaliano na IMF yakasainiwa na dola ikapanda hadi shilingi 40. Kufikia mwaka 1991 ilikuwa imevuka 200.

Mwaka 1991 Lipumba akaitwa kuwa mshauri wa uchumi wa Rais Mwinyi, kazi aliyoifanya hadi 1993. Ni miaka mitatu mizito: sheria mpya iliyofungulia milango benki binafsi, maduka ya kubadilishia fedha yaliyohalalishwa 1992, na mwaka huohuo mfumo wa vyama vingi. Mzee Ruksa, kama Mwinyi alivyoitwa, alikuwa akiruhusu, na profesa alikuwa miongoni mwa waliokaa nyuma yake wakipiga hesabu.

Lakini mshauri haamui. Anaandika dokezo, linapita mezani, na wenye mamlaka wanaamua. Wachumi wa kizazi hicho walitafuta njia tofauti za kutoka hapo. Kighoma Malima, mchumi mwenzao, alipitia ndani ya CCM mpaka uwaziri wa fedha, akatoka chamani mwaka 1995 na kufariki London wiki chache baadaye. Ndulu alibaki kwenye taaluma na taasisi, akaishia kuwa Gavana wa Benki Kuu kuanzia 2008 hadi mwanzoni mwa 2018. Lipumba alikwenda kuomba kura.

Kwa nini CUF?

Katiba ya Tanzania hairuhusu mgombea binafsi. Mchungaji Mtikila alihangaika mahakamani miaka na miaka kulipinga hilo, na mpaka leo bado limesimama. Profesa anaweza kuwa na shahada tano. Bila kadi ya chama hagombei hata udiwani. Na akishashinda ubunge, akipoteza uanachama amepoteza na kiti. Kumbuka jambo hili la kadi, litarudi.

Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 1992 ina sharti jingine. Chama hakipati usajili wa kudumu mpaka kiwe na wanachama wasiopungua 200 katika kila mkoa kati ya mikoa isiyopungua kumi, na katika mikoa hiyo lazima uwemo mmoja wa Unguja na mmoja wa Pemba. Nia ilikuwa kuzuia vyama vya upande mmoja. Matokeo yake yalikuwa ndoa za haraka. Zanzibar kulikuwa na KAMAHURU, kamati ya waliodai mageuzi, iliyokuwa na umati wa watu wenye machungu yao na CCM tangu Maalim Seif Sharif Hamad alipofukuzwa chama mwaka 1988. Bara kulikuwa na Chama cha Wananchi cha James Mapalala, mwanaharakati aliyewahi kuwekwa kizuizini kwa kudai vyama vingi. KAMAHURU ilihitaji anuani ya Bara, na Mapalala alihitaji watu. Wakaungana, ikazaliwa CUF.

Ndoa hiyo iligawana vyumba hivi: mwenyekiti atoke Bara, katibu mkuu atoke Zanzibar. Kwenye urais wa Zanzibar mgombea ni Maalim, hilo halikuwa na mjadala. Kwenye urais wa Muungano walihitaji mtu wa Bara mwenye jina na elimu, asiye na makovu ya ugomvi wa ndani, maana Mapalala mwenyewe alikwishatofautiana na wenzake. Mwaka 1995 akapatikana profesa. Mwaka 1999 akawa mwenyekiti wa taifa, na Maalim akawa katibu mkuu.

Kwenye jukwaa Lipumba hakuwa mtu wa kupandisha watu mori. Alitoa darasa. Aliwaambia watu uchumi unakua kwa asilimia kadhaa, halafu akawauliza mbona mifuko yao haijui. Wapinzani wake walimcheka kwa hilo, ila swali lilikuwa la haki. Takwimu za serikali yenyewe zilionesha kuwa walio chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi walikuwa asilimia 35.7 mwaka 2000/01 na 33.6 mwaka 2007. Ni pungufu ya pointi mbili tu, katika miaka ambayo tulikuwa tukiambiwa uchumi unapaa.

Hesabu ambazo profesa hakuzitawala

Tume ya Uchaguzi ilimpa kura hizi:

1995: 418,973, asilimia 6.43.
2000: 1,329,077, asilimia 16.26.
2005: 1,327,125, asilimia 11.68.

Tazama mistari miwili ya mwisho. Kura zilipungua 1,952 tu, idadi ya watu wanaotosha mkutano mmoja wa jioni pale Manzese. Lakini asilimia ilishuka kutoka zaidi ya 16 hadi chini ya 12. Ina maana kwamba katika miaka mitano wapiga kura waliongezeka kwa mamilioni na karibu wote wapya walikwenda kwingine, wengi kwa Kikwete, aliyepata asilimia 80.28. Lipumba aliwalinda wake, hakuongeza. Na wa mwaka 2000 hawakuwa wake peke yake, kwa kuwa mwaka huo Chadema haikusimamisha mgombea, ilimuunga mkono yeye.

Sasa linganisha kura na viti. Zanzibar nzima mwaka 2005 ilikuwa na wapiga kura walioandikishwa nusu milioni hivi. Hata wangempigia Lipumba wote, kura 1,327,125 zisingetimia. Kwa hiyo kura zake nyingi zilitoka Bara: pwani, kusini, Tabora, Dar es Salaam, huku kidogo na kule kidogo. Lakini viti vya ubunge vya majimbo vya CUF mwaka huo vilitoka Zanzibar, karibu vyote Pemba. Majimbo ya Zanzibar ni madogo, na Pemba ilipiga kura kama mtu mmoja. Bara ilitoa kura zilizotawanyika ambazo hazikutosha kushinda jimbo. Chama kikawa na miguu miwili isiyolingana. Mwenyekiti alileta hesabu ya kura, katibu mkuu alileta wabunge. Ndani ya chama, mwenye wabunge ndiye mwenye sauti.

Nadhani hapa ndipo panapofichika siri ya yote yaliyofuata. Kila nikimsikia mtu akisema Lipumba na Maalim waligombana kwa sababu ya madaraka, namjibu kwamba madaraka yenyewe yalikuwa ya aina mbili tangu siku ya kwanza, na hayakuwa na mizani ya pamoja.

Isidhaniwe kwamba mwenyekiti alikuwa pambo. Baada ya uchaguzi wa 2000 uliovurugika Zanzibar, CUF iliitisha maandamano. Kabla ya maandamano hayo, Lipumba alipigwa na polisi na kukamatwa Mbagala, Dar es Salaam. Januari 26 na 27, 2001, risasi zikapigwa Unguja na Pemba. Tume iliyoundwa na serikali ilihesabu waliokufa 31, na Wazanzibari zaidi ya 2,000 walivuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Ilikuwa mara ya kwanza Tanzania kuzalisha wakimbizi, nchi iliyozoea kuwapokea. Miaka 14 baadaye, Januari 27, 2015, alikamatwa tena, safari hii akielekea Mbagala kwenye mkutano wa kuwakumbuka waliokufa. Mtu aliyekuwa na nafasi ya kufundisha ng'ambo na kula mshahara wake kwa amani hakulazimika kuwa Mbagala siku zote mbili.

Lakini mwaka 2010 mambo mawili yalimvunjia nyumba ya Bara. La kwanza ni Dk. Willibrod Slaa wa Chadema, aliyezoa zaidi ya kura milioni mbili. La pili ni maridhiano ya Zanzibar. Kura ya maoni ya Julai 2010 ilileta Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na Maalim Seif akawa Makamu wa Kwanza wa Rais. Kwa Wazanzibari yalikuwa mapumziko baada ya damu. Kwa wapinzani wa Bara ilikuwa sababu ya kuiita CUF "CCM B". Faida ilishuka mguu mmoja, gharama ikalipwa na mguu wa pili. Lipumba alipata kura 695,667.

Barua mbili

Mwaka 2014 alirudi juu tena. Katika Bunge Maalum la Katiba, Aprili 16, ndiye aliyesimama kutangaza kwamba wapinzani wanatoka, baada ya wingi wa CCM kuikalia kooni rasimu ya Katiba mpya iliyoandaliwa na tume ya Jaji Warioba. Umoja wao uliitwa UKAWA, Umoja wa Katiba ya Wananchi, wenye CUF, Chadema, NCCR-Mageuzi na NLD, na ukakubaliana kusimamisha mgombea mmoja wa urais. Lipumba alikuwa miongoni mwa waliotajwa.

Julai 28, 2015, Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani ambaye CCM ilimkata jina Dodoma kwenye mchujo wa urais, akahamia Chadema. Lipumba alikuwapo kumpokea. Siku tisa baadaye, Agosti 6, akaitisha waandishi wa habari na kujiuzulu uenyekiti, huku akisema anabaki mwanachama. Hoja yake ilikuwa kwamba UKAWA uliungana kwa ajili ya rasimu ya Warioba, na sasa unampa tiketi mtu aliyekuwa upande wa walioipitisha Katiba Inayopendekezwa, iliyochukua nafasi ya rasimu hiyo. Dhamira yake inamsuta. Wiki chache baadaye Dk. Slaa naye akatoka Chadema kwa sababu ya Lowassa huyohuyo. Wasomi wawili waliobeba upinzani kwa urais wakawa nje ya uwanja msimu mmoja.

Ili Lowassa awe na mgombea mwenza wa Zanzibar, sheria ilitaka wote wawili wawe wa chama kimoja. Makamu mwenyekiti wa CUF, Juma Duni Haji, akachukua kadi ya Chadema, akagombea, baadaye akarudi CUF. Hakuna aliyemwuliza kwa nini ametoka na kurudi. Nimelitaja hili kwa sababu kutoka na kurudi peke yake hakukuwa dhambi ndani ya chama kile. Ilitegemea umetoka kwa ruhusa ya nani.

Na hapa pana kejeli ambayo bado sijaona ikizungumzwa vya kutosha. Uchaguzi wa 2015, mwenyekiti akiwa pembeni, ndio ulioipa CUF mavuno makubwa kuliko yote Bara: Tanga Mjini, Mtwara Mjini, Temeke, Kinondoni na mengine. Mpango wa kuachiana majimbo aliouanzisha yeye na wenzake ulizaa yeye hayupo.

Zanzibar nako Oktoba 28, 2015 mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, Jecha Salim Jecha, alifuta uchaguzi wote. Uchaguzi wa marudio ukafanyika Machi 20, 2016, CUF ikaususia, na Maalim akabaki bila ofisi wala wawakilishi. Miezi mitatu baadaye, Juni 2016, Lipumba akaandika barua ya pili: natengua kujiuzulu kwangu.

Swali la kisheria ni hili: mtu akijiuzulu, kujiuzulu kunakamilika lini? Akishatamka? Au mpaka waliomchagua wakubali? Katiba ya CUF ilisema kiongozi anaandika barua kwa mamlaka iliyomchagua, na mamlaka hiyo ndiyo inayokubali. Mwenyekiti huchaguliwa na Mkutano Mkuu. Mkutano Mkuu haukuwa umekaa. Watu wa pwani wanalielewa hili bila wakili: talaka rejea. Neno limetamkwa, mke amehama chumba, lakini eda haijaisha na mume ana haki ya kumrudia. Lipumba alidai eda yake bado. Upande wa Maalim ukasema eda gani ya miezi kumi, tena chama kimepitia uchaguzi mkuu na marudio bila yeye.

Mkutano Mkuu ukaitishwa Ubungo Plaza, Agosti 21, 2016. Wajumbe wakapiga kura na wengi mno wakakubali kujiuzulu kwake. Lakini kulikuwa na vurugu ukumbini, na mkutano ukavunjika bila kumchagua mrithi. Baraza Kuu likamsimamisha uanachama. Lipumba akapeleka malalamiko kwa Msajili wa Vyama vya Siasa, Jaji Francis Mutungi, na Septemba 23 msajili akatoa msimamo: taratibu zilikiukwa, anayemtambua kuwa mwenyekiti ni Lipumba. Kesho yake, Septemba 24, profesa akaingia makao makuu Buguruni na wafuasi wake, na geti likavunjwa. Siku tatu baadaye Baraza Kuu lililokaa Zanzibar likamfukuza uanachama. Kuanzia hapo kukawa na CUF ya Lipumba na CUF ya Maalim, kila moja na barua zake zenye nembo.

Kwa nini kauli ya msajili ilikuwa na uzito hivyo? Kwa sababu ya kadi na ruzuku. Serikali hutoa ruzuku kwa vyama kulingana na kura na viti, na fedha huenda kwa uongozi unaotambuliwa. Spika naye, akitaka kujua fulani bado ni mwanachama, huusikiliza uongozi huohuo. Julai 2017 upande wa Lipumba uliwavua uanachama wabunge wanane wa viti maalumu waliokuwa na Maalim. Spika Ndugai akakubali, wanane wakatoka bungeni, wengine wakaapishwa mahali pao. Barua moja kutoka Buguruni iliweza kufanya kile ambacho miaka ya mikutano ya hadhara haikuweza.

Kesi zilikuwa nyingi na nitaziruka, maana nyingi ni za nani ni mdhamini halali wa chama. Iliyomaliza kazi ni ya Machi 18, 2019, Mahakama Kuu ilipoamua kwamba Lipumba ni mwenyekiti halali. Siku chache kabla, mkutano wa upande wake ulikuwa umekwishamchagua tena. Maalim hakukata rufaa ya barabarani wala ya mahakamani. Siku hiyohiyo alitangaza: "Shusha tanga, pandisha tanga, safari iendelee." Yeye na watu wake wakaingia ACT-Wazalendo. Unguja na Pemba matawi ya CUF yakaanza kupakwa rangi ya zambarau, bendera zikashushwa na nyingine kupandishwa kwenye mlingoti uleule.

Mahakama ilimpa Lipumba kila alichokiomba: katiba ya chama ilivyosomwa, muhuri, jengo la Buguruni, kutambuliwa na msajili. Kwa jinsi ninavyoisoma katiba ile, hoja yake juu ya kujiuzulu haikuwa ya kubahatisha. Ilikuwa hoja ya mtu anayejua kusoma maandishi. Kosa, kama ni kosa, ni kudhani kwamba chama kilicholazimishwa na sheria kuwa kimoja kingebaki kimoja pale sheria ikimpa mmoja wao ushindi wote. Maalim angeweza kuondoka na watu, kwa kuwa watu walikuwa wake kabla ya CUF kuwapo, tangu KAMAHURU. Lipumba hakuwa na pa kuondokea. Bila mgombea binafsi, bila chama kingine kilicho tayari kumpokea, kiti kile ndicho kilikuwa siasa yake yote.

Mwaka 2020 aligombea tena urais. Kura 72,885, asilimia 0.49. Uchaguzi ule vyama vikuu vya upinzani viliulalamikia na upinzani karibu wote uling'olewa bungeni, kwa hiyo si haki kuubebesha mgawanyiko wa CUF peke yake. Hata hivyo, kwa kila watu 18 waliompigia mwaka 2000, hesabu rasmi ilimwachia mmoja.

Maalim aligombea urais wa Zanzibar kwa tiketi ya ACT-Wazalendo, na Desemba 2020 akaapishwa tena kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Alifariki Februari 17, 2021. Siku tano baadaye, Februari 22, akafariki Benno Ndulu. Katika wiki moja Lipumba alimpoteza mtu aliyeshika naye chama kwa miaka 20 na mchumi mwenzake wa tangu Mlimani.

Desemba 2024 Mkutano Mkuu wa CUF ulimchagua tena kuwa mwenyekiti, akiwa na miaka 72. Kwenye uchaguzi wa rais wa 2025 chama kilimsimamisha Gombo Samandito Gombo. Jina la Ibrahim Haruna Lipumba halikuwamo kwenye karatasi ya kura. Lilibaki kwenye mlango wa ofisi Buguruni.